Karandinga likiondoka, baa inaendelea kuuza

Kila baada ya muda Dar es Salaam hufanyiwa msako wa dada poa, yaani wanaouza mwili. Wenye kamera wanatangulia, karandinga la polisi linafuata. Wasichana wanatolewa Buguruni, Sinza, Manzese au Kinondoni, wanajifunika nyuso kwa mitandio na mikoba, na kabla hawajapandishwa kizimbani picha zao zimeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mji mzima. Tunachangia kwa raha zetu: safi sana, walikuwa wanatuharibia mtaa. Wiki mbili hazipiti, kona ile ile imejaa tena.

Ukizitazama picha hizo, tafuta wasiokuwemo. Mwenye baa hayumo. Mwenye gesti hayumo. Mwanaume aliyelipia chumba, kama alikutwa humo, mara nyingi ameambiwa aende zake. Na kuna jambo ambalo mimi sijalisikia likitajwa kwenye kipaza sauti cha msako hata mara moja: kwamba miongoni mwa waliokamatwa wamo watoto, na kwamba hao wametolewa kwenye kundi na kukabidhiwa kwa afisa ustawi wa jamii. Umri hauulizwi. Ukishakutwa pale saa sita usiku, wewe ni mtu mzima.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haisemi hivyo. Inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, iwe saa sita ya usiku au ya mchana. Lakini msako hauendeshwi kwa sheria hiyo. Unaendeshwa kwa vifungu vya uzururaji vya Kanuni ya Adhabu, cha 176 na cha 177, ambavyo tulivirithi kwa mkoloni aliyetaka Mwafrika asionekane mjini bila kazi ya bwana. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa kwetu Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo, zinazomwadhibu mtu kwa hali aliyonayo na si kwa kosa alilotenda, zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Yalikuwa maoni ya ushauri. Misako iliendelea.

Ninachokataa ni ile hadithi kwamba binti huyu alijitenga mwenyewe na jamii siku alipoingia kwenye biashara ya mwili. Alikuwa ameshatengwa zamani. Anayemtumia huja mwisho kabisa, akamkuta mtu asiye na mtu. Waliotangulia kumtoa ni watu wenye heshima zao: bosi, mwalimu mkuu, mjomba, mwenyekiti wa mtaa. Bila wao, yule mnunuzi angelazimika kumtafuta mtoto mwenye baba mlangoni na shule asubuhi, na huyo hapatikani kwa bei ya chipsi.

Chukua njia moja inayojulikana na kila mwenye nyumba jijini, njia ya dada wa kazi. Anakuja na basi kutoka Singida, Iringa, Lindi au Handeni, anashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis na begi dogo na namba ya simu kwenye kikaratasi. Aliyemtafutia kazi ni ndugu wa mbali, au dalali anayelipwa kwa kila binti anayemfikisha. Sheria inamruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa dada wa kazi wa kawaida anayelala kwa mwajiri. Hata hizo wengi hawazioni mkononi. Bosi anasema anamtunzia, au anamtumia shangazi kijijini, au amekata hotipoti iliyopasuka. Mwaka ukiisha binti hana akiba, hana kitambulisho, na hamjui mtu zaidi ya watu wa nyumba ile na mwenye genge.

Halafu linatokea la kutokea. Kijana wa nyumba, au baba mwenyewe, ameanza kumfuata usiku pale anapolala, kwenye godoro la sebuleni. Au hajafuatwa na yeyote, ni elfu ishirini tu imepotea kabatini. Kwa vyovyote vile, mama mwenye nyumba akichachamaa anayeondoka ni binti. Baba haondoki, kijana haondoki. Anafungashiwa begi lake jioni ile ile.

Hapa naomba tusipite haraka, maana hapa ndipo mambo yanapoamuliwa, na hapa ndipo sisi wenye nyumba tunapojifanya hatuhusiki. Ni saa mbili usiku, Tabata au Kimara. Nauli ya kwao hana, na hata angekuwa nayo, basi ni alfajiri. Dalali hapokei simu. Kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa hakuwahi kutambulishwa, kwa hiyo hata barua ya utambulisho hawezi kupewa. Kwenye daftari la mtaa hayupo. Kituo cha polisi anakiogopa kwa sababu bosi ameshamtishia kesi ya wizi. Sensa ya 2022 ilihesabu katika mkoa huu watu 5,383,728. Usiku ule hakuna hata mmoja kati yao ambaye anaweza kumgongea mlango.

Wa kumfungulia anapatikana upesi. Ni bodaboda mwenye geto lake. Ni mama ntilie aliyemwonea huruma akampeleka kwa shoga yake mwenye baa. Ni binti mwenzake aliyepita njia hiyo hiyo mwaka jana. Wengine kati ya hao wana nia njema kabisa, na hilo ndilo linalowachanganya wanaotafuta kuwadi mwenye sura ya kuwadi. Usiku wa kwanza analala bure. Siku ya nne yanaanza maswali ya sabuni na mboga.

Kwenye baa anapewa fulana ya kampuni ya bia na kuambiwa kazi ni kuhudumia tu. Hesabu ya baamedi ni ya ajabu, na nashangaa wachumi wetu hawajawahi kuikalia kitako. Mshahara ni mdogo, mahali pengine haupo, ataishi kwa chenji anazoachiwa na wateja. Vinywaji anavitoa kaunta kwa jina lake. Mteja akitoroka na bili, deni ni lake. Chupa ikivunjika, deni ni lake. Jioni hesabu ikipungua, shoti anafidia yeye. Chumba cha nyuma wanacholala wanne nacho kinakatwa. Kufika Ijumaa anadaiwa na mahali anapofanyia kazi, na mzee wa meza ya kona, anayemtania tangu Jumatano, anaweza kulifuta deni lote kwa usiku mmoja. Meneja hamlazimishi. Anamwambia tu amchangamkie mteja.

Sheria ya Mtoto ilishaziweka baa, hoteli na kumbi za starehe kwenye orodha ya kazi hatarishi kwa mtoto, na ilishakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kumtoa pale binti wa miaka 16 hakuhitaji muswada wowote. Afisa biashara anapita kukagua leseni ya vileo, bwana afya anapita kukagua choo, mtu wa kodi wa TRA anapita kuulizia mashine ya risiti. Soda wanaletewa na binti huyo huyo.

Ng'ambo ya barabara kuna gesti. Mapokezi kuna kitabu cha wageni, kile kikubwa kilichopigwa mistari kwa rula: jina, kabila, kazi, atokako, aendako, saini. Mwanaume anaandika jina ambalo mama yake mzazi halijui, kwenye kazi anaandika "biashara", kwenye atokako "Morogoro". Binti aliyesimama pembeni akitazama simu haandikwi popote. Chumba kimelipiwa, ufunguo umetolewa, kwenye karatasi amelala mtu mmoja. Akija kuumizwa mle ndani, hakuna maandishi yanayoonyesha kwamba aliwahi kuwemo. Na hiyo ni gesti yenye leseni. Gesti bubu za uchochoroni hata kitabu hazina.

Nawajua watakaosema: wengine wanapenda wenyewe, ni tamaa ya simu kubwa, ya chipsi mayai na lifti ya bodaboda. Nimeisikia hoja hii kwenye daladala, msikitini, kanisani na bungeni. Tamaa ipo, sikatai. Ila tamaa wanayo watoto wote. Wa Masaki anataka simu kubwa kuliko hiyo na hajawahi kuilipia kwa mwili, kwa sababu ana mtu wa kumwomba, na akinyimwa ananuna hadi kesho yake mambo yanaisha. Mtoto mwenye tamaa na mwenye kwao anakuwa msumbufu. Mwenye tamaa ile ile asiye na kwao anakuwa mawindo. Tofauti iko kwenye "kwao", na tukiendelea kuhubiri tamaa peke yake tunamwachia mtu mzima mwenye pesa aondoke bila hata kuulizwa yeye alitamani nini.

Shule nayo ina mkono wake humu, na mkono wenyewe una tarehe. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kuingia kwenye ndoa, na kwa miaka mingi mimba ilihesabiwa humo humo. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba aliyepata mimba harudi shule ya serikali. Kabla ya hapo, 2016, Sheria ya Elimu ilirekebishwa na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Weka mambo hayo mawili pamoja uone yalivyofanya kazi kwa mtoto wa Mbagala: akimtaja aliyempa mimba, mwanaume yuko hatarini kufungwa miaka 30 na familia mbili zinageuka maadui, asipomtaja, anafukuzwa shule yeye peke yake. Wengi walinyamaza. Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa wanaruhusiwa kurudi, na ni uamuzi mzuri. Lakini lango limefunguliwa bila mtu wa kubaki na mtoto mchanga, bila nauli, na mbele ya wanafunzi wenzake watakaomwita "mama fulani" hadi Kidato cha Nne. Binti aliyefukuzwa 2018 akiwa na miaka 15 hakukaa getini akisubiri waraka. Alikwenda mjini.

Nyumbani ni pagumu zaidi kuandika. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009, uliofanywa kwa ushirikiano wa UNICEF, taasisi ya CDC ya Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 juu ya utoto wao. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walipitia ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Waliomwambia mtu yeyote walikuwa kama nusu ya wasichana na theluthi ya wavulana. Takwimu hizo zimezeeka, ila mtu anayefahamu mitaa yetu hatashangaa kwa nini waliosema ni wachache. Mtoto akisema, kikao cha ukoo kinakaa. Mjomba ni mjomba. Anayelipa kodi ya nyumba ni yeye. Linaamuliwa "kuyamaliza kifamilia", zinatoka laki mbili tatu, na kama kesi ilishafika mahakamani mama anaacha kuleta mashahidi. Mwenye kosa anarudi mezani. Mtoto anapelekwa kwa bibi, kisha kwa shangazi, na baadaye anatafutiwa kazi za ndani Dar es Salaam. Tumesharudi Mbezi Luis.

Wavulana wanatajwa kwa kunong'ona, wakati mwingine hawatajwi kabisa. Wale wanaolala kwenye vibaraza vya Kariakoo na kando ya vituo vya mabasi, tunaowaita chokoraa, wanatakiwa kulipa ulinzi wa usiku, na anayewalinda si kila mara anataka pesa. Kosa la kubaka katika Kanuni ya Adhabu limeandikwa kwa ajili ya mwanamke na msichana. Mvulana anaangukia kifungu cha 154, ambacho humhesabu kuwa mkosaji hata mwanaume "aliyeruhusu". Kijana wa miaka 15 asiye na wakili wala mzazi atajuaje kwamba akiingia kituoni kulalamika hatatoka akiwa mshtakiwa? Na akiepuka sheria, hatalikwepa jina atakalopewa mtaani. Kwa hiyo hasemi, na sisi tunahesabu ukimya wake kuwa ushahidi kwamba mambo hayo kwa wavulana hayapo.

Sheria zenyewe zinavutana mashati. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na wa 14 kwa ruhusa ya mahakama. Marekebisho ya makosa ya kujamiiana ya 1998 yalisema kufanya ngono na aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, isipokuwa awe mkeo aliyefikisha 15. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vya ndoa vinakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubali Oktoba 2019, na serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukaisha bila marekebisho. Kwa hiyo mwanaume wa makamo akikutwa na binti wa miaka 16 alikuwa na neno la kusema: huyu mke wangu, mahari nilitoa.

Hata kifungu cha 83 cha Sheria ya Mtoto, kinachokataza moja kwa moja kumtumia mtoto kingono kwa malipo au bila malipo, kilivyotungwa kiliweka adhabu inayoanzia faini ya shilingi milioni 1 au kifungo cha mwaka 1. Kinafika hadi milioni 500 na miaka 20, ni kweli, lakini kinaanzia hapo. Kwa Kanuni ya Adhabu tendo lile lile ni miaka 30. Mtoto akiitwa "aliyebakwa", thamani yake ni miaka 30. Pesa ikishapita mkononi mwake, sheria ilikuwa tayari kuanza kuhesabu kutoka kwenye bei ya pikipiki iliyotumika.

Siamini kwamba dawa ni mkakati mwingine wa kitaifa. Tunao. MTAKUWWA, mpango kazi wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ya kwanza ilikuwa ya 2017/18 hadi 2021/22, na ya pili ikafuata. Madawati ya jinsia na watoto yapo vituo vya polisi, simu 116 ya kumsaidia mtoto inapigwa bure. Kuna mashirika kama KIWOHEDE pale Buguruni ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 yanawapokea mabinti waliotoka kwenye kazi za ndani na kwenye biashara hii, wanawafundisha ushonaji na kuwatafutia ndugu. Kinachokosekana ni kitanda. Binti wa Tabata wa saa mbili usiku hahitaji semina, anahitaji mahali pa kulala mpaka asubuhi pasipomdai chochote, na jiji hili la mamilioni ya watu limewaachia mashirika machache na wasamaria wema kazi ya kutandika. Kama stendi ya Magufuli ina ofisi za makampuni ya mabasi, kituo cha polisi na vibanda vya miamala, haishindwi kuwa na chumba kimoja cha afisa ustawi wa jamii anayekesha. Hapo ndipo wanaposhukia. Hapo ndipo wanapotaka kurudi.

Na msako, kama lazima ufanyike, uanze kwa mtu wa dawati la jinsia kuuliza umri kabla kamera haijawashwa. Ukimkuta mtoto kwenye baa, mshitakiwa wa kwanza awe mwenye leseni.

Gesti ndizo rahisi kuliko zote. Halmashauri hukusanya ushuru wa nyumba za kulala wageni, na mkusanyaji hukifungua kile kitabu ili kuhesabu vyumba vilivyolala watu, asije akadhulumiwa. Macho ya serikali, basi, yanafika hadi kwenye ile mistari ya rula. Kila anayeingia chumbani aandikwe, na umri wake, na kitambulisho chake kionekane. Asiyenacho na anayeonekana mdogo, ufunguo usitoke, na gesti ikikutwa imetoa, leseni iondoke. Wapo watakaolia kwamba tunaingilia faragha ya wapendanao. Wapendanao watu wazima wataonyesha vitambulisho vyao kama wanavyovionyesha wakisajili laini ya simu. Jambo hili halisubiri Bunge. Madiwani wa Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni wana mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na ushuru wa vyumba hivyo unaingia kwenye bajeti wanayoipitisha wao kila mwaka.